Gari Kuukuu, Umeme Mgonjwa na Mshahara Ule Ule

Katwe, kusini tu mwa katikati ya jiji la Kampala, huamka kwa milio ya nyundo. Kabla jua halijapanda vema, wahunzi huwa wamekwisha kuzitandaza kazi zao kando ya barabara: mashine za kusaga mahindi, sigiri za makaa, madawati ya shule, milango ya chuma na mashine za kukaangia bisi. Baina ya karakana hizo yamejipanga maduka ya vipuri vya magari, mengine mapana, mengine hayazidi upana wa kabati, na ndani yake mna altaneta, stata, koili na taa zilizovuliwa katika magari yaliyokwisha kufa. Ng'ambo ya barabara iendayo Entebbe iko Nsambya na kambi yake ya polisi; ukipanda kilima ni Makindye na kambi yake ya jeshi. Kwa ujirani huo si ajabu kuwaona madukani humo askari na wanajeshi, pamoja na wake zao au waume zao, ambao kwa akiba ya miaka mingi wameweza kununua gari lililokwisha kutumika Japani, na ambao sasa hawana budi kulitunza kwa mshahara ule ule uliolinunua.

Magari hayo yana umri mkubwa. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kuundwa, lakini sheria hiyo haikuyaondoa barabarani yale yaliyokuwa yamekwisha kuingia. Toyota Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zile ambazo watu wa Kampala huziita Kikumi, zingali zinapeleka watoto shuleni. Injini ya gari la namna hiyo huweza kuvumilia mengi. Nyaya zake hazivumilii. Miaka 30 ya joto la injini, vumbi jekundu, mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba, pamoja na mikono ya mafundi wengi ambao kila mmoja alikata hapa na kuunga pale, huziacha zikiwa zimekauka, zimechubuka na kuota kutu kwenye viungo.

Ugonjwa wa umeme hauvuji mafuta chini wala hautoi moshi, ila siku ya hatari. Mwenye gari huona tokeo tu: ufunguo umegeuzwa, injini imenyamaza. Hapo ndipo ubahatishaji huanza. Hununuliwa betri, na betri isipofaa hununuliwa stata, na stata isipofaa hulaumiwa altaneta. Ubaya zaidi ni kwamba kila kifaa kipya aghalabu huleta nafuu ya siku chache, kwa sababu katika kukifunga fundi amegusa na kukaza kitu kilichokuwa kimelegea, asijue kwamba hicho ndicho kilichoponya. Mwenye gari huondoka akisifu kifaa alichokinunua, na juma la pili yuko pale pale.

Ichukuliwe nyumba ya koplo mmoja wa polisi, iwe mfano wa nyumba nyingi. Corolla lake liligoma asubuhi moja ya mvua. Ufunguo ulipogeuzwa ulisikika mlio mmoja tu mdogo, na taa za dashibodi zikafifia. Koplo alikwenda Katwe akiwa ndani ya sare, akasema kwa sauti ya amri kwamba betri imekufa. Kijana wa duka akajibu, "Ndiyo afande," akamuuzia betri. Gari likawaka siku tisa. Lilipogoma tena, koplo alirudi akasema ni stata. Kijana akajibu, "Ndiyo afande," akamfungia stata kuukuu kutoka Japani. Gari likawaka siku sita. Kufikia hapo mkopo wa chama cha akiba, ambao nusu yake ilikuwa karo ya muhula wa pili, ulikuwa umekwisha kuliwa na boneti.

Aliyesimamisha mchezo huo ni mkewe, mwenye kuandika matumizi ya nyumba katika daftari la mistari. Aliviweka vifungu viwili mbele ya mumewe, betri na stata, akasema, "Baba watoto, mgonjwa akimeza dawa mbili na homa ikarudi, si lazima kutafuta dawa ya tatu. Yafaa apimwe."

Koplo alikwenda tena Katwe, mara hii akiwa amevaa shati la nyumbani, kwa fundi mmoja mzee wa umeme wa magari. Hakutaja kifaa. Alieleza tu alichokiona na kukisikia. Mzee hakufungua duka wala hakutaja bei. Alichukua waya mnene wa kuazimia umeme, ncha moja akaibana kwenye kichwa hasi cha betri, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akasema, "Sasa, afande, washa." Injini ikaitika mara moja. Akauondoa ule waya, akaamuru iwashwe tena. Ukasikika ule mlio mmoja mdogo wa siku zote. Kisha akamshika koplo mkono na kumgusisha waya wa kuvutia mafuta, ule unaotoka kwenye pedali. Ulikuwa wa moto.

"Umeme unatafuta njia ya kurudi nyumbani," akasema mzee. "Umeinyima barabara, umepita vichochoroni."

Chini ya injini, palipofunikwa na grisi na vumbi, mkanda wa nyuzi za shaba unaoiunganisha injini na bodi ya gari ulikuwa umegeuka rangi ya kijani, na nyuzi zake nzima zilikuwa za kuhesabika. Kipande cha waya mnene na vichwa viwili vya kufungia vilimaliza kazi. Gharama yake haikufikia kilo moja ya nyama. Betri ya zamani, ambayo ilikuwa imetupwa kama chuma chakavu, huenda haikuwa na kosa lolote.

Jambo hilo lastahili kuelezwa vema, kwani asiyelielewa hataelewa umeme wa gari kamwe. Katika nyumba, umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Katika gari hutoka kwenye kichwa chanya cha betri, hupita katika waya hadi kwenye taa au stata, kisha hurudi kwenye kichwa hasi kwa njia ya chuma chenyewe: injini, bodi, na mikanda michache inayoviunganisha. Nusu ya njia ni gari lenyewe. Penye kutu, rangi au parafujo iliyolegea, njia huwa nyembamba. Taa ya dashibodi haina shida, kwa kuwa hutaka umeme kidogo sana, lakini stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100 kwa mara moja. Kijia kinachompitisha mtoto hakimpitishi ng'ombe. Ndiyo sababu mtu huona taa zinawaka akaapa kwamba nyaya ni nzima.

Vyombo vya kupimia si vya kitajiri. Cha kwanza ni taa ya kujaribia: balbu ndogo ya wati 5 pamoja na kikalio chake, iliyovuliwa katika gari bovu, ikaungwa nyaya mbili zenye vibanio. Cha pili ni mita ndogo ya kupimia volti, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri, na ambayo familia tatu za kambi moja zaweza kuinunua kwa shirika. Vingine ni msasa, brashi ya meno iliyochakaa, na spana namba 10, ambayo ndiyo hulegeza vichwa vya betri katika Toyota nyingi, nayo ndiyo ipoteayo kuliko spana zote duniani.

Kabla ya kugusa lolote, pete na saa ya chuma vivuliwe mkononi. Sigara isivutwe, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Waya wa hasi ndio hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Anayeanza na chanya, spana yake ikagusa bodi, ataona cheche ambazo hatazisahau.

Matibabu ya kwanza hutoka jikoni. Vichwa vya betri vikiwa vimeota unga mweupe au wa kijani, magadi kidogo huyeyushwa katika maji ya vuguvugu, na unga huo husuguliwa kwa brashi hadi povu litulie, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa barabara ili maji hayo yasiingie ndani. Kisha husuuzwa, hukaushwa, husuguliwa kwa msasa hadi risasi ing'ae, hukazwa, na mwisho hupakwa mafuta ya mgando kuzuia unyevu. Kazi hii haimalizi nusu saa. Ni watu wangapi walionunua betri kwa sababu ya uchafu ambao mama angeuondoa kwenye sufuria bila kufikiri!

Betri yenye vifuniko vya kufungulika iongezwe maji ya betri pale yanapopungua, na maji hayo tu. Anayeongeza tindikali akidhani anaipa nguvu huiua upesi zaidi. Maji ya bomba nayo yana chumvi zisizofaa.

Baada ya usafi huja maswali, nayo huulizwa kwa zamu kama ilivyo desturi ya upelelezi mwema, kuanzia kwa shahidi aliye karibu. Mwenye mita aipime betri asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyoshiba. Volti 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12 ina njaa, ama kwa sababu haikulishwa, ama kwa sababu kuna mwizi usiku, ama kwa sababu imezeeka. Halafu injini iwashwe na mita itazamwe tena: altaneta nzima huipandisha hadi kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu, betri hailishwi, na kununua nyingine ni kuongeza mgeni katika nyumba isiyo na unga. Ikipita 15, kidhibiti ambacho mafundi hukiita katauti kimeharibika, na betri itapikwa.

Asiye na mita asikate tamaa. Jioni gari lielekezwe ukutani, taa kubwa ziwashwe, mtu mmoja ageuze ufunguo na mwingine atazame ukuta. Taa zikizimika karibu kabisa, kosa li katika betri au viungo vyake. Zikibaki na mwanga wake wote huku stata ikinyamaza, umeme haufiki kwenye stata kabisa. Hapo hutazamwa waya wake mdogo, swichi ya ufunguo, na katika gari la gia za kujiendesha, swichi ya gia, maana pengine gari halikuwekwa sawasawa katika P. Na taa zikififia wastani tu huku ukisikika ule mlio mmoja, ndipo jaribio la waya wa kuazimia, kutoka hasi hadi injini, lifanywe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kuna jaribio moja ambalo halina budi kukomeshwa. Mafundi kadhaa hupenda kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ati likiendelea kunguruma altaneta ni nzima. Desturi hiyo ilizaliwa siku za dinamo, kabla altaneta hazijaenea katika miaka ya 1960. Altaneta ikinyang'anywa betri ghafula, volti hupanda kwa kishindo na kuweza kuunguza dayodi zake, katauti, na ubongo wa gari kama unao. Aliyekuwa na altaneta nzima kabla ya jaribio huweza kuwa hana tena baada yake, na fundi atamwambia kwa uso mkavu kwamba kumbe ilikuwa imekufa.

Taa nyekundu yenye picha ya betri katika dashibodi nayo ni shahidi. Yapasa iwake ufunguo unapofunguliwa na izimike injini inapowaka. Ikibaki inawaka, beliti ya altaneta itazamwe kwanza. Ikibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake isizame zaidi ya sentimita moja hivi, na isiwe imeng'aa kama kioo. Isipowaka kabisa ufunguo unapofunguliwa, yawezekana balbu yake imeungua, na katika magari mengi ya zamani altaneta huianza kazi yake kwa umeme unaopitia balbu hiyo hiyo. Balbu ya senti chache imewafanya watu wavue altaneta nzima. Na hata altaneta ikiwa ndiyo yenye kosa, mara nyingi kilichokwisha ni kaboni zake mbili zinazosugua ndani, ambazo fundi wa Katwe huzibadili mezani kwa bei ndogo. Hapana sababu ya kuuliza bei ya altaneta kabla ya kuuliza bei ya kaboni.

Sasa yule mwizi wa usiku. Gari lililowaka vema Ijumaa na kugoma Jumatatu, hali betri na altaneta ni nzima, linanyonywa likiwa limelala. Taa ya wati 5 ndani ya buti isiyozimika huvuta kiasi cha ampea 0.4, katika saa 48 imekunywa karibu nusu ya betri ya kawaida ya gari dogo. Ili kumkamata mwizi, kila kitu kizimwe, milango ifungwe, waya wa hasi ufunguliwe, na taa ya kujaribia iungwe kati ya kichwa hasi na waya huo. Saa ya gari na kumbukumbu ya redio hunywa kidogo mno, haziwezi kuiwasha. Taa ikiwaka, yupo anayekunywa kwa pupa. Hapo fyuzi zichomolewe moja moja na kurudishwa, hadi ile ambayo kuchomolewa kwake kunaizima taa; kifuniko cha sanduku la fyuzi kitasema ni ya kitu gani. Zikiisha zote na taa ingali inawaka, altaneta ifunguliwe nyaya zake, kwani dayodi iliyotoboka huvujisha umeme, au redio na king'ora kilichofungwa na fundi wa kando ya njia vitazamwe, maana vitu hivyo aghalabu huungwa bila kupitia fyuzi yoyote. Kuhusu taa ya buti, simu iwekwe ndani ikipiga picha za video, buti lifungwe, kisha picha zitazamwe. Hiyo ni hila ya siku hizi, nayo haigharimu kitu.

Kwa taa za nyuma kuna kichekesho ambacho kila mwenye gari kuukuu atakiona siku moja. Akikanyaga breki, indiketa huwaka. Akiwasha indiketa, taa ya breki hucheza nayo. Watu husema gari limerogwa. Hakuna uchawi, kikalio cha taa kimepoteza njia yake ya kurudi kwenye bodi, na umeme unaazima njia ya balbu jirani. Parafujo ya waya wa hasi nyuma ya taa ivuliwe, isuguliwe kwa msasa, irudishwe. Taa za mbele zinazowaka manjano kama kibatari huwa na kisa hicho hicho, hasa baada ya gari kupita katika maji siku mfereji wa Nakivubo ulipofurika.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni fyuzi. Katika magari ya miaka ya 1990 fyuzi hujulikana kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ni askari wa zamu. Ikifa, imekufa ili waya usiungue. Waya uliopangiwa ampea 15, ukiwekewa fyuzi ya 30, au kipande cha waya wa shaba, au karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara, huendelea kupitisha umeme hadi plastiki yake iyeyuke na kuwasha jirani zake nyuma ya dashibodi. Moshi huanza miguuni mwa dereva wakati watoto wamekaa nyuma na mikanda imefungwa. Hili si la kubishaniwa, na mke au mume anayeliona jambo hilo katika gari la nyumbani ana haki ya kukataa kupanda.

Fyuzi ikiungua mara ya pili, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Badala ya kuunguza pakiti nzima ya fyuzi, balbu kubwa kidogo, ile ya indiketa yenye wati 21, iungwe mahali pa fyuzi hiyo, na taa au kifaa kinacholindwa nayo kichomolewe ili kisichanganye ushahidi. Madhali waya unagusa bodi, balbu itawaka kwa nguvu bila kuunguza kitu. Kisha nyaya zitikiswe polepole, mahali baada ya mahali: penye bawaba za milango, penye bawaba za buti, na zinapopenya ukuta wa chuma kati ya injini na viti. Mkono utakapofika penye jeraha balbu itafifia au kuzimika. Hapo hufungwa utepe wa umeme, au kipande kipya huungwa. Ila nyaya zilizofunikwa kwa plastiki ya manjano, ambazo ni za mifuko ya hewa, zisiguswe kwa balbu wala kwa mita, na gari lenye ubongo wa injini lisichomwe nyaya ovyo. Mambo hayo yana mafundi wake.

Katwe kwenyewe kuna adabu yake. Sare haipunguzi bei. Pengine huipandisha, na baya zaidi hufunga midomo. Kijana wa duka ambaye angesema, "Hebu tupime kwanza," hukumbuka kwamba mbele yake amesimama afande, akakubali kila neno. Anayetaka kusaidiwa aeleze dalili, saa ya kutokea kwake na vipimo alivyovipata, kisha anyamaze amsikilize fundi. Mnunuzi asimfuate dalali anayemdaka barabarani. Aende duka lenye mlango, ambalo kesho litakuwepo. Stata kuukuu izungushwe mbele yake kwa betri kabla ya kufungwa. Altaneta ikifungwa, mita isomwe injini ikinguruma na taa kubwa zikiwaka, na malipo yafuate baada ya hapo. Kifaa kilichovuliwa ni mali ya mwenye gari: akirudishiwe, ama bei yake ya chuma chakavu ipunguzwe katika hesabu, kwa maana betri iliyokufa ina risasi yenye kununuliwa. Lakini ikirudi nyumbani isikae uani wanakocheza watoto, wala isipasuliwe ili kuyeyusha risasi hiyo jikoni, kwani moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo.

Shati au suruali iliyodondokewa na maji ya betri isingoje siku ya kufua. Imwagiwe maji mengi papo hapo, kisha iloweshwe katika maji yenye magadi na isuuzwe peke yake, mbali na nguo nyingine. Ikikauka na tindikali ndani yake, tundu halitaonekana leo. Litatokea baada ya kufuliwa, na kama nguo hiyo ni sare, litatokea asubuhi ya gwaride.